KONTENA INAPANDA KAMIONI, RELI INALALA: SABABU GANI?



Munakumbuka kwamba katika semestri ya kwanza gazeti letu lilitoka mara moja tu. Wengine walisema sisi wa mwaka wa sita tumekuwa wavivu. Sivyo. Karatasi na wino havikuwapo. Vilikuwa njiani, kati ya bandari ya Dar es Salaam na Kalemie yetu. Tulipochoka kungoja, tulituma wajumbe watatu kwa mwenye duka. Mzee yule hakukasirika. Aliwakalisha, akawafungulia kitabu chake cha mahesabu.

Kumbe mizigo yake ilingoja vagoni kule Dar es Salaam wiki tano. Kisha akakata tamaa, akalipa kamioni. Kamioni ikafuata barabara mpaka Kigoma, halafu meli ikavusha mizigo ziwani. Bei ya kamioni ilipita sana bei ya treni, naye alijua tangu mwanzo. Wajumbe wakamuuliza: "Basi baba, sababu gani hukungoja tena kidogo?" Akajibu: "Wanangu, treni iko na bei muzuri lakini haiko na siku. Kamioni iko na bei kali, lakini iko na siku."

Neno lile lilitufuata mpaka darasani. Katika inchi mingi watu wanasema leo kwamba mizigo ya bandarini iondoke barabarani, irudi kwenye reli na kwenye maji. Ni neno zuri. Lakini kama hatufahamu jibu la mzee yule, tutalisema miaka na miaka na kamioni zitaendelea kupita. Kwa hiyo tumejaribu kueleza mambo haya hatua kwa hatua.

1. KONTENA NI KITU GANI?

Kontena ni sanduku la chuma lenye kipimo kimoja duniani pote. Ile ndogo iko na urefu wa futi 20, ni kusema karibu metre 6, na upana wa karibu metre 2 na nusu. Ile kubwa iko na futi 40. Ikijaa, kontena inaweza kufika tani 30.

Zamani mizigo ilibebwa mfuko kwa mfuko. Watu walishusha mifuko kutoka melini, wakaipanga gatini, wakaipandisha tena ndani ya vagoni. Meli ilikaa bandarini siku mingi, mifuko ikapasuka, mingine ikapotea. Tarehe 26 mwezi wa 4, mwaka 1956, Mmarekani mmoja mwenye kamioni, Malcolm McLean, alipakia masanduku 58 juu ya meli Ideal X, nayo ikatoka Newark mpaka Houston. Wazo lake lilikuwa hili: tusiguse mzigo tena, tuguse sanduku peke yake. Sanduku lile lile litoke melini, lipande vagoni ao kamioni, na lifunguliwe paka kwa mwenyewe.

Tukamate neno hili vizuri, kwa maana tutalirudilia: kontena ilitengenezwa ili kubadili chombo kusiwe taabu.

2. HESABU YA MAZUTI

Wengi wanafikiri treni ni bei ya chini kwa sababu ni ya serikali ao kwa sababu ni ya zamani. Hapana. Sababu iko ndani ya fizika. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halibonyei. Gurudumu la mpira juu ya barabara linabonyea kila mara linapozunguka, na nguvu inapotea. Kuvuta tani moja juu ya reli ya sawasawa kunaomba nguvu ya kilo 2 ao 3. Juu ya lami nzuri, kamioni inaomba kilo 7 mpaka 10. Juu ya udongo na matope, kila mtu aliyesukuma gari anajua mwenyewe.

Tufanye hesabu ya darasani. Kamioni yenye tani 30 inakunywa karibu lita 35 kwa kilometre 100 za barabara nzuri. Kwa kilometre 1,250, ambao ni urefu wa reli kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, itakunywa lita 437. Ni karibu lita 15 kwa kila tani. Treni inatumia mara tatu ao mara ine chini ya ile. Tuseme lita 5 kwa tani.

Sasa tuchukue treni moja ya vagoni 20. Kila vagoni inabeba kontena mbili za futi 20, na kila kontena iko na tani 15. Jumla ni tani 600. Ili kuzibeba kwa barabara tunahitaji kamioni 20. Tofauti ni lita 10 kwa tani, ni kusema lita 6,000 za mazuti kwa safari moja. Wanafunzi wa kemia waongeze hili: lita moja ya mazuti ikiungua inatoa kilo 2 na nusu na zaidi ya hewa ya kaboni. Kwa hiyo treni ile moja imezuia tani 15 za hewa ile kupanda juu.

Tena kuna barabara yenyewe. Katika miaka ya 1950 na 1960 Wamarekani walijaribu barabara kwa magari ya uzito mbalimbali, wakaona jambo la ajabu: ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, barabara haiumizwi mara mbili, inaumizwa karibu mara 16. Njo sababu barabara mpya inayopitwa na kamioni nzito inarudia mashimo kabla deni lake halijalipwa. Na wenye kulipa mashimo yale ni sisi wote, hata mama anayebeba muhogo kwa kinga.

3. NJIA YETU NI YA ZAMANI

Sisi wa Kalemie hatuombi kitu kigeni. Mji huu ulizaliwa na njia ya namna hii.

Wadachi walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914. Meli Liemba, ambayo wazee wetu wote wanaijua, ilitengenezwa Papenburg, Udachi, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya masanduku, ikavuka bahari, ikapanda treni, ikaunganishwa tena Kigoma. Ni kusema meli yenyewe ilikuja kama mzigo wa reli! Mwaka 1916 Wadachi waliizamisha wenyewe kwa sababu ya vita. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tangu 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba.

Upande wetu, reli kutoka Kabalo ilifika hapa Kalemie, wakati ule Albertville, mwaka 1915. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji wakapatana kwamba mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi iwe na fasi yake katika bandari ya Dar es Salaam na ya Kigoma. Mwaka 1956 reli ya Kabalo iliungana na ile ya Kamina. Tangu siku ile vagoni inaweza kutoka gati ya Kalemie mpaka Lubumbashi bila kuacha reli.

Basi tazameni ramani iliyo ukutani katika darasa la jeografia: reli, ziwa, reli. Kati ya Kigoma na Kalemie maji ni karibu kilometre 130 tu. Mungu ametupa barabara isiyo na mashimo.

4. FASI NJIA INAKATIKA

Kama njia ni nzuri vile, sababu gani mzee wa duka alikimbilia kamioni? Tumehesabu mara ngapi kontena inainuliwa ikitoka Dar es Salaam mpaka ghala ya Lubumbashi.

Kwa barabara, kupitia Tunduma, Zambia na Kasumbalesa, ni karibu kilometre 2,000. Kontena inainuliwa mara mbili: kupanda kamioni na kushuka.

Kwa njia yetu inainuliwa mara tano. Inapanda vagoni Dar es Salaam. Inatoka vagoni kuingia meli Kigoma. Inatoka meli kuingia vagoni Kalemie. Inatoka vagoni kupanda kamioni Lubumbashi. Mwisho inashuka ghalani.

Kuinua hakuchukui saa mingi. Kungoja njo kunakula siku. Kama vagoni haijafika, kontena inangoja. Kama meli iko upande wa pili, inangoja. Kama kreni imekufa, inafunguliwa, na mizigo inabebwa mgongoni sawa zamani za mababu. Tulipotembelea gati na mwalimu wetu, tuliona vijana wa umri wetu wakishusha simenti mfuko kwa mfuko, wameinama, vumbi puani. Tuliwasalimu. Kazi yao ni ya heshima, na sisi tunakula jasho lao. Lakini kwa namna ile sanduku la McLean halina faida hata kidogo. Tuseme mzigo unangoja wiki moja paka katika kila fasi ine za kubadili: mwezi mzima umekwisha, na treni yenyewe haijachelewa njiani hata saa moja.

Kuna pia mambo mengine matatu yanayokata njia.

La kwanza ni upana wa reli. Reli ya kati ya Tanzania iko na milimetre 1,000 kati ya chuma na chuma. Ya kwetu iko na 1,067. Tofauti ni milimetre 67, upana wa vidole ine tu! Reli ya Kalemie nayo ilikuwa ya 1,000, lakini katika miaka ya 1950 ilipanuliwa ili iungane na ile ya kusini. Tulipata ndugu wa kusini, tukaachana na jirani wa ng'ambo. Sasa Tanzania inajenga reli ingine ya milimetre 1,435. Tangu mwaka 2024 treni za abiria za umeme zinapita juu yake kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Hata ikifika Kigoma, vagoni zake hazitaingia kwetu. Wa kuvuka ni sanduku peke yake.

La pili ni siku za kontena. Sanduku si la mwenye duka, ni la kampuni ya meli ya baharini. Kampuni inampa siku za bure. Zikipita, analipa kwa kila siku mpaka sanduku lirudi Dar es Salaam. Kwa hiyo wafanyabiashara mingi wanaogopa. Wanafungua kontena kule kule bandarini, wanatia mizigo ndani ya kamioni, sanduku wanarudisha mara moja. Mtu akikuambia "watu wetu hawapendi reli", mujibu: hawaogopi reli, wanaogopa kalenda.

La tatu ni maji. Mwaka 2021 na tena mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda sana, yakaingia manyumbani na kufunika magati ya pande zote. Mto Lukuga unaotoa maji ya ziwa uko hapa kwetu, lakini haukuweza kuyamaliza. Gati iliyojengwa kwa kipimo cha zamani haitoshi tena.

5. WENZETU WAMEFANYA NINI?

Rotterdam, Uholanzi, ni bandari kubwa kupita zote za Ulaya. Walipoongeza viwanja vya Maasvlakte baharini, walijiwekea sharia: ifikapo mwaka 2035, kati ya kontena 100 zinazotoka pale kwenda bara, zisipite 35 kwa barabara. Zile zingine, 45 ziende kwa meli za mtoni na 20 kwa reli. Mwaka 2007 walifungua reli ya kilometre 160 kwa mizigo peke yake, mpaka karibu na Udachi. Lakini nao maji yaliwasumbua. Mwaka 2018 na mwaka 2022 mto Rhein ulikauka sana, meli zikapita na sehemu ya mzigo tu. Wao maji yalipungua, sisi yalizidi. Fundisho ni moja: njia ya maji inaomba kuangaliwa.

Kenya walijenga reli mpya kutoka Mombasa mpaka Nairobi, mwaka 2017. Mwaka 2019 serikali ikaamuru kontena zote za kuingia zipande treni. Watu wa Mombasa wakaandamana, maana mashofere, wenye viwanja vya kontena, wenye kuuza mazuti na hata mama wapishi wa barabarani waliona kazi inakwisha. Mwaka 2020 mahakama ikasema amri ile haikufuata sharia. Wenye mali nao walilalamika kwamba kontena ikishuka Nairobi wanalipa tena kamioni ya kuifikisha dukani. Hapa tunaona kwamba mzigo hausukumwi kwa amri. Unavutwa na bei pamoja na siku.

Na upande wa magharibi kuna reli ya Benguela, kilometre 1,344 kutoka bandari ya Lobito mpaka Luau, mpakani mwetu. Tangu mwaka 1931 ilibeba shaba ya Katanga. Vita ya Angola iliikata mwaka 1975. Ilifunguliwa tena mwaka 2015 baada ya Wachina kuijenga upya, na shaba imeanza kuifuata. Miaka 40 reli ilikuwa imekufa, na leo inapita. Tusiseme basi kwamba reli ikilala haifufuki.

6. NA MASHOFERE?

Wenzetu wawili katika darasa letu ni watoto wa mashofere. Walituambia bila kuficha: "Ninyi munaandika vizuri, lakini kamioni njo inalipa minerval yetu." Tulinyamaza kwanza. Walisema kweli.

Lakini tukaendelea kuzungumza nao, wakatueleza maisha ya baba zao: siku na siku katika mstari wa Kasumbalesa, kulala chini ya kamioni, magonjwa, ajali za usiku. Mmoja hajakula Noeli na baba yake tangu mwaka wa tatu. Kontena ikishuka treni, bado inahitaji kamioni kuifikisha sokoni, hospitalini, shuleni. Zile safari ni fupi, na shofere anarudi kulala kwake. Hatusemi kwamba hakuna atakayepoteza. Tunasema hesabu yao iandikwe pia katika karatasi ya mradi, pamoja na hesabu ya kreni na vagoni, tangu siku ya kwanza.

Tena kazi haitakwisha upesi. Mwaka 2024 Kongo ilitoa shaba kupita tani milioni 3, ikawa ya pili duniani nyuma ya Chile. Kama yote ingepanda kamioni za tani 30, ni safari 100,000 kwa mwaka, kwenda peke yake. Kuna mzigo wa kutosha kwa treni na kwa kamioni.

7. TUNASEMA NINI BASI?

Tumefikia neno moja. Watu wakubwa wakizungumza juu ya reli, wanapenda kuhesabu kilometre. Sisi tunaomba wahesabu fasi za kubadili. Njia yetu haikufa kati ya Tabora na Kigoma, wala kati ya Nyunzu na Kabalo peke yake. Inakufa gatini, siku kwa siku, sanduku likingoja. Kwa hiyo:

– Kreni ya kuinua tani 30 iwe Kigoma na iwe Kalemie, pamoja na mekanisien na vipande vya kubadili. Kreni bila fundi ni sanamu.

– Meli na treni ziwe na siku zinazojulikana, hata mara moja kwa wiki. Mara moja ya hakika inapita mara tano za labda.

– Karatasi ya duane iwe moja, kutoka Dar es Salaam mpaka mwisho, sanduku lisifunguliwe kila fasi.

– Kontena isirudi tupu. Ilete simenti, dawa na karatasi zetu, ishuke na shaba ao mahindi. Hivi bei inagawanyika pande mbili, na kampuni ya meli inapata sanduku lake kwa wakati.

– Magati yajengwe kwa kipimo cha maji ya leo.

Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara, akapaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije kuchekwa kwa kuanza bila kumaliza. Mnara wetu ulianzwa na watu wengine, zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa mikono ya mababu waliolazimishwa kazi. Wengi wao walikufa na hawakuona faida yake. Kuuacha ukiwa na pengo la vidole ine na gati mbili, ingekuwa haya kwetu.

Mwaka ujao sisi wa mwaka wa sita tutakuwa tumetoka hapa. Wengine watasoma ujenzi, wengine biashara, wengine watapata kazi katika duane ao relini. Tukutane huko. Na mzee wa duka akituuliza, tuweze kumjibu: baba, sasa treni iko na siku.

Mwenye kuona kosa katika hesabu zetu alete karatasi yake katika darasa la mwaka wa sita kabla ya Ijumaa. Tutaisahihisha katika gazeti linalofuata, kama karatasi zitafika.

Kapita wa wanafunzi, kwa niaba ya mwaka wa sita